Mama Watatu

Katika lugha ya kwetu Bungoma, dada ya mama naye ni mama. Mimi nililelewa Kitale na dada mkubwa wa mama yangu, na mdogo wao aliishi nasi. Kwa hivyo nilipoingia chekechea nilikuwa na mama watatu, wala sikuona ajabu yoyote.

Harufu ya kreyoni bado hunirudisha siku ile. Mwalimu alituagiza kila mmoja amchore mama yake. Nikachora watatu wameshikana mikono, aliyenilea akiwa katikati, kitambaa chekundu kichwani.

"Mama watatu? Ati ulizaliwa mara tatu?" mwalimu akauliza, na darasa zima likacheka. "Nani alikuzaa?"

"Yule wa Bungoma, teacher."

"Basi hawa wengine ni maanti tu."

Akawakata kwa kalamu, akianza na yule wa katikati, aliyeniogesha asubuhi hiyo.

Sikulia. Nilikuwa msemaji kuliko watoto wote, na mwalimu alinitegemea kila wageni walipokuja. Wiki iliyofuata wakaja wakaguzi kupima jinsi tulivyojifunza kuzungumza. Akanisimamisha mbele, akitabasamu.

"Haya, si uwaambie wageni jina lako?"

Nikamtazama machoni, kimya. Akaniomba tena, akanibembeleza, jasho likamtoka. Sikufungua mdomo. Wenzangu, waliozoea kunifuata, nao wakanyamaza walipoulizwa.

Mkaguzi mmoja akaandika kwamba watoto wa darasa lile hawajafundishwa kusema. Muhula uliofuata mwalimu alihamishiwa shule ya mji mdogo uitwao Kwanza, nami nikazungumza darasani siku ile ile aliyoondoka.