Jina Asilolitamka Naishorua

Ukifika Tindiga ukauliza habari za Editha, kwanza utaambiwa habari za mdomo wake. Wala hawamsingizii. Ni mjane, analima ekari mbili za mpunga bondeni, na akikuambia jambo umeambiwa. Mdomo huo umewahi kumponza, na safari hiyo hiyo ukamtoa. Na namna ulivyomtoa, Tindiga tunaitambia mpaka leo.

Mwaka wa uchaguzi wa vitongoji Editha alipita nyumba kwa nyumba akimwombea kura rafiki yake Naishorua, mama wa kifugaji aliyemletea maziwa kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Wakulima wenzake walimshangaa. Ng'ombe wamelala mara ngapi kwenye mpunga wetu, walimuuliza, nawe unataka mfugaji awe mwenyekiti? Editha aliwajibu kwamba ng'ombe walipoingia shambani kwake, aliyekuja kuwaswaga kabla hata ya kuitwa ni Naishorua, na aliyekaa na pande zote mbili mpaka zikakubaliana njia ya mifugo ni huyo huyo. Polepole watu wakaanza kulainika.

Siku nne kabla ya kura, sauti ikaingia kwenye simu za watu. Ilikuwa sauti ya Naishorua kabisa, na lafudhi yake, hata kile kikohozi chake kidogo cha kabla ya kusema. "Baba mkwe wangu, marehemu mzee Lemomo, aliniachia agizo. Nikishinda, bonde lote la mpunga litakuwa malisho yetu."

Editha aliisikiliza amesimama shambani, jembe mkononi, hasira ikampanda. Hakumpigia rafiki yake, hakumuuliza mtu. Aliituma palepale kwenye kundi la akina mama wa kwaya, na chini yake akaandika: nimedanganywa, nisameheni. Haikupita saa moja kitongoji kizima kilikuwa nayo, maana kama Editha mwenyewe amekubali, nani abishe?

Mchana aliketi jikoni akaisikiliza tena, na tena, kama mtu anayetonesha kidonda chake mwenyewe. Mara ya tatu akakwama kwenye jina. Lemomo.

Kwa mila ya akina Naishorua, mke hatamki jina la baba wa mume wake, awe hai au amekufa. Editha aliijua mila hiyo kuliko mkulima yeyote. Siku walipompeleka Nasieku, binti wa Naishorua, kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu aliuliza jina la babu wa mtoto. Naishorua akanyamaza, akamgeukia Editha, na Editha ndiye aliyelitaja. Kliniki ilikuwa hivyo hivyo. Miaka kumi na mmoja, na hajawahi kumsikia akisema zaidi ya "mzee wetu".

Akampigia Bonifas, fundi simu wa Mabwerebwere. Bonifas hakushangaa hata kidogo. Alimweleza kwamba siku hizi akili mnemba ikipewa nusu dakika ya sauti ya mtu, inamsemesha chochote, na hotuba za kampeni za Naishorua zilijaa kwenye simu za watu. Editha alikata simu akaona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani ardhi ipasuke aingie.

Kesho yake jioni mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Makarius, mdogo wa marehemu mume wa Editha na mpiga debe wa mgombea mwingine, alitoa hoja ambayo kila mtu aliiona ya haki: Naishorua ayaseme maneno yale yale hapa, tulinganishe. Naishorua alikubali. Akasimama, akaanza kwa sauti ya wazi, "Baba mkwe wangu, marehemu mzee..." Akanyamaza. Makarius akamwambia aendelee. Naishorua akatazama chini. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba ameumbuka, na wengine wakainuka waende zao.

Ndipo Editha aliposimama.

"Shemeji," alisema, "hata ukimsimamisha hapa mpaka masika, hatalisema. Ni jina la mkwe wake. Shuleni nimelisema mimi kwa niaba yake, kliniki nimelisema mimi. Aliyetengeneza sauti hii hakulijua hilo."

Makarius akawageukia wanawake wa kifugaji, akawataka wataje majina ya baba za waume zao, mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo.

Editha angeweza kukaa hapo, ameshashinda. Hakukaa.

"Na mimi niliyejua ndimi niliyeitawanya," alisema. "Niliwatumia uongo kwa mkono wangu huu. Naomba radhi kwenu, na kwako dada yangu."

Kuteleza si kuanguka, lakini wachache wana ubavu wa kusema mbele ya kitongoji kizima kwamba wameteleza. Asubuhi yake maziwa ya Naishorua yalikuja kama kawaida.

Naishorua alishinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa.

Siku ya kuapishwa, hakimu alimtaka ataje majina yake yote matatu. La tatu kwenye kitambulisho ni lile la baba wa mume wake. "Naishorua Sayialel," alianza, akasita. Hakimu akasubiri, karatasi mkononi. Nyuma, kwenye mabenchi ya wakulima, Editha alivuta pumzi amsaidie kama siku zote, lakini akachelewa, kwa sababu benchi zima lilikuwa limeshatamka kwa pamoja: "Lemomo."

Editha anaapa kwamba sauti ya Makarius ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.