Busaa yangu ya kwanza Kitale ilitoka kali kupita kiasi, na shangazi ya bwana yangu alikuwa njiani

Mulembe wakuu.

Mimi ni mama mzee wa huku Tongaren. Shule niliacha darasa la pili, kwa hivyo mkiona herufi imeanguka, iokoteni mwendelee.

Juzi nimesoma hapa uzi wa kijana mmoja anauliza, pombe yake ya kujipikia nyumbani imetoka kali sana, afanye nini. Wengine walimwambia amwage. Wengine wakamwambia awaletee wao. Hakuna mtu alimuuliza alipikia kwa chungu gani.

Mimi hiyo kitu ilinipata kabla ya uhuru. Nitaeleza vile ilikuwa. Chumvi sitaongeza, hata daktari alinikataza.

Niliolewa miaka ya hamsini. Kwetu ni Bumula, Bungoma. Bwana yangu Wafula alikuwa anashika plau ya ng'ombe kwa shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale, na alikuwa anaishi hapo kambini na wafanyakazi wengine.

Wakati huo bibi mpya hakuwa anaenda kwa bwana hivi hivi. Ulikuwa unakaa kwanza jikoni kwa mama mkwe, mwaka mmoja, hata miwili, unafundishwa. Wafula akakataa. Alimwambia baba yake ati amechoka kula ugali mbichi wa kujipikia, anataka bibi yake.

Baba mkwe akasema sawa, aende. Lakini mwisho wa mwezi dada yake yeye baba mkwe atakuja kuniangalia. Apike pombe. Ikiwa nzuri abaki. Ikiwa mbaya, arudi naye Bungoma akafundishwe.

Huyo dada yake tulikuwa tunamuita Senge, ndiyo shangazi kwa lugha yetu. Mama mrefu, mkavu, wa kuangalia kitu muda mrefu bila kusema neno.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa najivuna, na bado najivuna, Mungu hajanimaliza. Nyanya yangu wa Bumula alikuwa mpishi wa busaa, hiyo pombe yetu, ambaye watu walikuwa wanamtembelea kutoka mbali, na kazi yote nilimfanyia mimi tangu nikiwa mdogo.

Kwa wale hawajui, ni hivi. Unakanda unga wa mahindi na maji, unaacha uchachuke siku kadhaa. Unaukaanga juu ya bati mpaka uwe rangi ya udongo, unaanika. Halafu unaurudisha kwa maji pamoja na kimea. Kimea ni wimbi iliyolowekwa ikaota, ikakaushwa, ikasagwa. Hiyo ndiyo inaamsha pombe. Kwetu Bumula, siku ya tatu iko tayari.

Sasa sikieni shida yangu ilikuwa wapi. Nyanya hakuwa mtu wa kanisa. Mama yangu alikuwa. Mama aliniambia nikiwa mdogo, "Kupikia nyanya yako ni kazi, kazi si mbaya. Lakini siku utaweka hiyo kitu mdomoni, usiniite mama." Nikaahidi.

Kwa hivyo nilijua pombe kwa mikono. Niliijua kwa pua na kwa masikio. Ulimi wangu haukujua chochote. Na sikuwahi kufikiria hiyo ni shida.

Kule kambini sikuwa na chungu kikubwa. Jirani yangu alikuwa mama wa Kiteso anaitwa Amoit, mnene, mcheshi, na Wateso mnawajua kwa mambo ya chungu na mirija ya kunywea pombe. Akanipa chake. Kilikuwa cheusi ndani, kimepasuka kidogo mdomoni. Akaniambia, "Usikisugue, mama. Suuza tu."

Nikafikiri ni uvivu wake. Lakini nilisuuza tu, kwa sababu kitu cha mtu.

Jumatatu nikachanganya. Kimea kilikuwa cha nyanya, nilikibeba kutoka nyumbani ndani ya kitambaa.

Jumanne kimya. Nikaweka sikio kwa chungu, hakuna kitu.

Kitale ni baridi, wakuu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani unaingia mpaka ndani ya nyumba. Mimi nilizoea joto la Bumula. Jumatano asubuhi bado kimya, na Senge anakuja Jumamosi, na mzungu alikuwa anaruhusu pombe Jumamosi moja tu kwa mwezi. Nafasi ya kurudia haikuwepo.

Nikafanya ujinga mbili kwa siku moja. Nikaongeza kimea kingine sawa na kile cha kwanza. Halafu nikasogeza chungu karibu na mafiga, nikakifunga gunia kama mtoto mgonjwa.

Alhamisi kikaamka. Kilikuwa kinanguruma kama mvua iko mbali inakuja. Wafula akatoka kazini akasimama mlangoni akauliza, "Nani yuko ndani?"

Nilifurahi sana siku hiyo. Nilidhani sauti kubwa ni pombe nzuri.

Ijumaa mchana nikafunua na ile harufu ikaniingia machoni. Si kwa pua, kwa macho. Hapo nikashangaa. Pombe ya nyanya haikuwa inafanya hivyo. Nikamwita Amoit.

Alikuja na mrija wake. Akavuta mara moja. Akavuta mara ya pili. Ya tatu akasimama, akaanza kuniambia kitu, halafu akarudi chini akakaa juu ya kuni zangu bila kuangalia anakaa wapi.

"Hii," akasema, "inaongea kabla umeze."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni tamu. Ndiyo shida. Watu watavuta kama kawaida, na saa kumi hakuna mtu ataweza kumsalimia mwenzake. Wewe umeionja?"

Nikamwambia mimi sionji, niliahidi mama.

Huyo mama alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha ghafla, akaniangalia vizuri. "Na kesho? Si kwenu mpishi ndiye anavuta wa kwanza mbele ya wageni, waone ni safi?"

Wakuu, nilikuwa nimesahau. Kwa nyanya, nyanya ndiye alikuwa anavuta. Sikuwahi kufikiria kwangu mimi ndiye nyanya.

Nikawaza kurudi Bungoma nyuma ya Senge, mzigo kichwani, wanawake wa kwetu wakiangalia. Nikawaza Wafula na ugali wake mbichi. Nikachukua mrija wa Amoit.

Sitawadanganya, ilikuwa tamu kweli. Chachu kwanza, halafu utamu kama mahindi ya kuchoma, halafu moto unashuka pole pole mpaka magotini. Na nilipoonja ndio nikaelewa mambo ambayo nilikuwa nafanya kwa mikono miaka yote bila kujua ni ya nini. Kumbe ule unga unakaangwa kwa sababu ya hiyo ladha ya katikati.

Tukaanza kutafuta dawa. Nilichota vibuyu vitatu.

Cha kwanza nikatia maji baridi. Pombe ikagawanyika, unga chini, maji juu. Ladha ya maji ya mtaro.

Cha pili nikatia maji moto. Hiyo tunatia kila siku watu wakinywa, lakini kidogo kidogo. Nikitia ya kutosha kupunguza nguvu, harufu yote inapanda na mvuke inaenda. Inabaki kitu cha moto hakina jina.

Cha tatu nikatia uji mwepesi wa wimbi, uliopoa mpaka kidole kivumilie. Ikashika. Uzito ukabaki, ladha ikabaki, ule moto wa magotini ukarudi tumboni pahali pake. Nilionja mara tano kuhakikisha. Amoit alionja mara nane, ati anahakikisha mimi.

Nikataka kuchanganya yote hapo hapo. Akanishika mkono. "Ukitia sasa, mpaka kesho itakuwa imekula huo uji na kuongeza nguvu. Tia kesho, wageni wakionekana."

Hilo neno nyanya hakuwahi kuniambia, kwa sababu pombe yake haikuwahi kukosea.

Jumamosi nikamimina nusu ya pombe kwa mtungi ili uji upate nafasi kwa chungu, nikauficha nyuma ya kuni. Ile nusu kwa chungu nikaitia uji wakati Senge anaonekana kwa njia na wazee wawili wa ukoo.

Wakakaa. Nikavuta wa kwanza mbele yao, macho chini. Wafula aliniangalia kama ameona ng'ombe anapanda mti.

Walikunywa vizuri. Naongeza maji moto kidogo kidogo, wanaongea habari za mvua na za bei ya mahindi. Wazee wakasifu. Senge hakusema nzuri, hakusema mbaya. Anavuta, anaangalia chungu. Anavuta, ananiangalia mimi.

Halafu akasimama ati anisaidie kuweka kuni kwa moto. Nikasema, "Kaa, Senge, nitaweka mimi." Akaenda tu.

Akainama. Akabaki ameinama.

"Bibi ya Wafula," akasema. "Kuni zako zinaongea."

Ule mtungi ulikuwa bado unanguruma huko nyuma. Akautoa, akatumbukiza mrija, akavuta. Machozi yakamtoka jicho moja.

"Kwa nini umetuficha hii?"

Ningeweza kusema ni ya jirani. Amoit alikuwa hapo mlangoni na alikuwa ameshafungua mdomo kunidanganyia. Lakini nilikuwa na kiburi, na kiburi changu hakikutaka pombe yangu iitwe ya mtu mwingine, hata ikiwa mbaya.

"Nilikosea, Senge. Ilitoka kali."

"Na hii tumekunywa?"

"Ni hiyo hiyo. Niliipoza na uji wa wimbi."

"Nani alikufundisha?"

"Niliweka vibuyu vitatu nikaonja."

Akakaa chini. Halafu akamgeukia Wafula, si mimi.

"Pombe yangu ya kwanza ilikuwa kama hii," akasema. "Nikaimwaga mtoni, nikasema nyani walipindua chungu. Nikafundishwa jikoni miaka miwili kwa sababu ya nyani." Akavuta tena kidogo kutoka ule mtungi. "Huyu mwache hapa. Hana cha kufundishwa na nyani."

Wazee walicheka, lakini yeye hakucheka. Wakati wa kuondoka alibeba kibuyu kimoja cha ile kali. Akasema ni ya baba mkwe, anajifanya mwanaume sana.

Nikabaki Kitale. Watoto wangu wanne walizaliwa huko.

Mama nilimwambia mwenyewe kwamba nimeonja, nilipoenda kumsalimia mwisho wa mavuno. Aliendelea kupepeta mahindi yake mpaka nikadhani amenikana. Halafu akauliza, "Huo uji, uliuacha upoe kiasi gani?" Sijui mpaka leo alitaka kujua ya nini.

Sasa kitu kilikuwa kinanisumbua ni hiki. Kuongeza kimea, sawa, kosa langu. Kusogeza kwa moto, sawa. Lakini kali namna ile? Nikajaribu tena mwezi uliofuata, kimea kile kile, kipimo cha nyanya, nikagawa mara mbili. Nusu kwa chungu kipya, nusu kwa chungu cha Amoit, vyote viwili karibu na mafiga.

Chungu kipya, pombe ya kawaida. Chungu cha Amoit, siku ya pili tu kinanguruma.

Kumbe ndio maana alisema nisisugue. Kile cheusi ndani hakikuwa uchafu. Ni pombe za miaka mingi zimelala kwa udongo, zinangoja unga. Nilikuwa nimemuita mvivu moyoni, na ndiye alikuwa amenikopesha kitu kizima kilicho hai.

Kwa hivyo kijana wa ule uzi, usimwage. Onja mwenyewe kwanza, usipikie watu kitu ulimi wako haujui. Pooza na uji, karibu na saa ya kunywa, si kabla. Na usifiche nyuma ya kuni.

Amoit alipohamia kwao aliniachia kile chungu. Niko nacho hapa Tongaren, nawekea maharagwe. Siku tatu zimepita nilitoa maharagwe, nikatia uji wa wimbi bila kimea, nikafunika, nione kama kuna kitu kimebaki hai.

Wenye wanajua mambo ya chachu, niambieni, inaweza kulala miaka hiyo yote? Na nyinyi, yenu ikitoka kali mnafanya nini?

Andikeni, nitasoma. Saa hii niko chini jikoni, sikio kwa chungu, naandika na mkono mmoja.