Sahani Iliyorudi Tupu

Juzi nilirudi Hamriya, mtaa niliokulia huku nchi ya Waarabu, na kwenye kiti cha pembeni yangu nilikuwa nimepakia sahani ya watu. Ni sahani ya kauri yenye maua ya buluu, na ukiigeuza utaona chini yake doa la rangi ya kucha ya kijani. Ndani yake mlikuwa na kuku wa kupaka, juu yake kawa ya kufunikia. Niliifunga mkanda wa gari kama abiria, maana bibi yangu alisimama mlangoni kwetu Mabela, tunakoishi sasa, kaegemea fimbo, hakuondoka mpaka aliposikia mkanda umelia tak. Haniamini. Nyumbani kwetu siku hizi hakuna anayemwamini mtu, rafiki yangu, na jambo hilo lilianzia hapo hapo Hamriya, ule mwaka tuliofungiwa ndani kwa ugonjwa.

Nilikuwa mtoto wa darasa la sita. Nyumba yetu na ya jirani, mzee wa rika la Bibi, zilitenganishwa na ukuta mfupi uliofika kifuani mwa mtu mzima. Sisi watu wa Unguja, jirani wazee wake walitoka Tabora, na utani wao na Bibi haukuisha. Jirani alikuwa akisema sisi tungeachiwa tungetia nazi hata kwenye chai. Bibi akijibu kwamba watu wa bara hawajui kupika, wanajua kuchemsha. Lakini haikupita siku bila sahani kuvuka ukuta ule, na mbebaji nilikuwa mimi. Asubuhi vitumbua, mchana mchuzi wa papa, na Ramadhani ndiyo usiseme, nilikuwa naingia na kutoka mpaka nasahau mlango upi ni wa kwetu. Sahani za Bibi ziliwekwa doa jekundu chini, za jirani doa la kijani, zisije zikapotea. Na sheria ilikuwa moja tu: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiwa huna kitu, tia tende. Huna tende, tia sukari. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu tumemalizana.

Ugonjwa ulipoingia, mtaa ulinyamaza. Eneo zima la Ruwi maduka yaliteremsha milango ya chuma, mabasi yakalala, na mbuzi wakajilaza katikati ya barabara ambayo zamani hata mimi nilikuwa nashikwa mkono kuivuka. Muadhini alipotutangazia tusali majumbani mwetu, Bibi alikaa chini akalia kwa sauti, na sikuwahi kumwona akilia hivyo. Mimi, nikwambie ukweli, nilifurahi. Hakuna shule, na asubuhi nilisikia ndege ambao sikujua kama wapo, wanabishana juu ya mwarobaini wetu kutwa nzima. Hewa ilikuwa safi, milima ya nyuma ya nyumba ikaonekana jiwe kwa jiwe. Bibi hakuupenda uzuri ule hata kidogo.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alikuwa akisema, huku akichungulia dirishani. "Hawa ndege wamejuaje kama watu hatutoki?"

Mama alikuwa anafanya kazi hospitali, na ndiye aliyeleta amri. Hakuna kuingia nyumba ya mtu. Sahani iwekwe juu ya ukuta, ifunikwe kitambaa, igongwe mara tatu kwa mwiko, kisha aliyeweka aondoke, na anayepokea aiache kwanza ipigwe jua. Jua litaua kila kitu, Mama alisema, ingawa alivyosema hata yeye hakuwa na uhakika. Basi tukaanza kushuku kila kitu. Mkate uliota jua, mifuko ya sokoni iliota jua, viatu vya Mama vililala nje. Mtu akikohoa mtaa wa pili, sote tunanyamaza tusikilize kama atakohoa tena.

Ramadhani ilipofika, Bibi akapika kuku wa kupaka, akaweka ukutani kabla ya magharibi, nikagonga mwiko. Tukaingia ndani. Kesho yake sahani ilikuwa palepale, tupu, kitambaa kimeanguka chini. Bibi aliigeuza akatazama doa. Jekundu. Yake.

"Labda kasahau," alisema.

Akajaribu tena, safari hii mkate wa kumimina, ule wenye iliki nyingi. Ukutani, mwiko, ndani. Sahani ikabaki juu ya ukuta, haina hata chembe ya mkate. Bibi aliiosha kwa maji ya moto, akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji, akaipandisha juu ya kabati. Mama akamwambia apige simu aulize, Bibi akamtazama kama katukana. Chakula ulichompa mtu hakiulizwi. Ungeuliza nini? Umekula? Umetupa?

Kuanzia hapo dhana ikakaa nasi mezani kwenye futari. Bibi alisema jirani kaogopa chakula chetu kwa sababu Mama anatoka hospitali, kakimwaga. Kesho yake akasema hapana, kakila, ila kiburi. Mara akakumbuka jambo la harusi fulani kabla mimi sijazaliwa. Lisemwalo lipo, alisema, kama halipo laja, na wakati huo hapakuwa na yeyote aliyesema chochote isipokuwa yeye. Jirani naye alinyamaza upande wake. Tulimsikia akikohoa, maana alikuwa na pumu tangu ujana, na Bibi alikuwa akiacha kula amsikilize. Mkono wake ulikuwa unabaki hewani na tende. Nilikuwa mtoto lakini niliona kwamba anaumwa na kitu ambacho Mama hana dawa yake. Walikuwa wamezeeka pamoja wale, na sasa walikuwa wanazeeka mbalimbali, ukuta ule ule katikati.

Kumi la mwisho la Ramadhani, jioni moja, mwiko uligongwa. Mara tatu. Mimi niliruka, Bibi akanishika nguo.

"Ngoja. Usiende. Hatujui mna nini mle."

"Bibi, ni sahani yake. Ile ya maua."

"Nnaiona. Kwa nini leo? Wiki zote hizo alikuwa wapi?"

Tukasimama dirishani, yeye anafikiri, mimi nasikia harufu ya sambusa. Na wakati Bibi bado anapima nia ya jirani, kutoka mawe ya nyuma ya nyumba akateremka mnyama mwekundu mwenye masikio makubwa na mkia mnene. Hakukimbia. Alitembea juu ya ukuta kama mwenye hati ya nyumba, akavuta kitambaa kwa meno, akakidondosha chini, akaanza kula sambusa moja moja. Mbweha, Hamriya, jua halijazama! Kelele zetu zote zilikuwa zimemweka mlimani miaka hiyo, na tuliponyamaza akaja kufuturu kwetu.

Bibi alitoka bila barakoa, bila viatu, fimbo juu. Mbweha akamtazama kidogo, akachukua sambusa ya njiani, akaenda zake.

"We mwenzangu!" Bibi alipiga ukelele juu ya ukuta. "Weye uliletewa kuku?"

Ikaja sauti ya jirani, nyembamba. "Kuku gani? Mliniwekea sahani ina mafuta tu, mkagonga niione. Mara mbili! Nikasema haya, wamesikia nakohoa, wamenikata."

"Wallahi nilikupikia kuku wa kupaka! Na mkate wa kumimina!"

"Basi kala nani?"

"Kala mbweha! Kuku wangu, nazi ya kukuna kwa mkono, kala mbweha!"

Nilidhani wanalia, kumbe wanacheka, halafu kweli wakalia. Adhana ikawakuta hapo hapo, kila mmoja upande wake, na jirani akanirushia tende nimpokelee Bibi. Bibi alifuturu kwa tende ile bila kuisubirisha juani.

Ningependa kukwambia kwamba mambo yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Baada ya Idi mtoto wa jirani alikuja na mafundi, akaupandisha ukuta kwa matofali mpaka juu ya kichwa, kwa ajili ya mbweha, alisema, na kwa ajili ya afya. Watu wakazoea vyombo vya karatasi ya alumini, vile vya kutupa. Kisha sisi tukahamia Mabela. Huko majirani zetu ni watu wema, wanatuletea chakula katika vyombo hivyo, na Bibi kila mara anavigeuza kutazama chini kama vina doa. "Hawataki turudishe," husema. Wiki iliyopita aligeuza kimoja, kisha akaenda kabatini akaitoa sahani ya maua ya buluu. Ile ya sambusa. Miaka yote hiyo ilikuwa kwetu, haijarudi.

Kwa hiyo Hamriya. Magari yamerudi, honi zimerudi, ndege sikumsikia hata mmoja. Mlango ulifunguliwa nusu na mkwe wa jirani, chupa ya dawa ya mikono bado ipo pale kwenye meza ya mlangoni. Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Sisi hatuna sahani kama hizi," alisema. "Umekosea nyumba."

Niligonga mlango kwa ufunguo wa gari, mara tatu.

"Nani huyo anagonga mwiko?" ilitoka sauti ndani.

Jirani alikuja akipapasa ukuta, macho yake hayaoni vizuri sasa. Akaiinua sahani kidogo, akapitisha kidole chini yake, akalipata doa. "Mbweha hajala hii?" akaniuliza. Alikula hapo hapo mlangoni, kwa mkono, mkwe wake kashika chupa ya dawa hajui aifanye nini. Kisha akanioshea sahani mwenyewe, akaijaza sukari, akanirudishia. "Mwambie zamu yake."

Niliendesha polepole mpaka Mabela. Bibi alichovya kidole kwenye sukari, akainusa kwanza.

"Kaitia mwenyewe? Si mkwewe?"

"Kwa mkono wake, Bibi."

"Na njiani hukusimama?"

Ndipo alipoilamba. Ameshaniagizia nazi za Alkhamisi. Nitapeleka, na nitarudisha, maadamu wapo. Lakini mmoja hatembei bila fimbo na mwengine haoni, na mimi niliyelelewa kwa kushuku nashuku jambo moja kuliko yote: kwamba siku moja nitagonga mara tatu, na sahani ile itabaki mkononi mwangu.