Mkono wa Kantonye Juu ya Radiateri

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa uongo. Nilimwambia mzungu mwenye shamba la kahawa kule Masisi kwamba nilifundishwa umakanika Bukavu, na Bukavu sikuwa nimefika hata siku moja. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kifaransa kilichochanika kurasa na kwa kufungua na kufunga injini mbovu iliyoachwa nyuma ya ghala. Ninaanza na hilo ili ujue kwamba anayekusimulia hafichi tena kitu. Haya yaliyonipata karibu na Kashebere yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu, sijaonja hata tone la kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Gari alilonikabidhi lilikuwa jipu la zamani, mabaki ya vita ya wazungu. Nililitunza kupita kiasi. Nilifuta vumbi hata pale ambapo hakuna mtu angeangalia, na usiku niliamka kujiuliza kama nati fulani niliikaza. Mtu aliyedanganya kwamba anajua atajiruhusu kukosea lini? Mzungu aliniambia waziwazi: siku injini ikiungua mikononi mwangu, narudi kuchuma kahawa.

Siku hiyo alikuwa Walikale, ananingoja nimchukue kabla ya giza. Niliondoka Masisi asubuhi, baridi inauma, pamoja na mpishi wake, Papa Bahati, mtu mnene wa maneno mengi. Milima tulishuka vizuri. Tulipoingia msituni joto likapanda, na sindano ya kipimo cha joto la injini ikapanda nalo. Maji yakaanza kutokota.

"Fundi wa Bukavu," Papa Bahati akasema, "unatupikia nini humo? Kama ni maharagi, chumvi iko mu mufuko yangu."

Nilicheka kwa mdomo tu. Nikasimamisha, nikafungua kapo, kile kifuniko cha injini, nikakagua kama kitabu kinavyosema. Mkanda wa feni umekaza. Mipira ya maji haivuji. Oili ipo. Nikangoja ipoe, nikaongeza maji, tukaenda kidogo, ikachemka tena. Nikakagua upya kwa mpangilio uleule, kwa sababu sikujua mwingine. Mara ya tatu bidoni ya maji ilikuwa tupu na injini ilianza kugonga. Unaijua sauti ile? Kama mtu aliyefungiwa ndani ya chuma anabisha atoke. Nilijua kwamba mara ya nne ingekuwa ya mwisho.

Papa Bahati akachukua bidoni. "Maji iko pale chini, ninayasikia. Usilie, kaka."

Nilikuwa nalia kweli. Ninakiri.

Alipopotea kwenye njia ya kushuka mtoni, nikasikia jembe. Hatua kumi kutoka kwangu, mtu alikuwa anachimba mfereji wa barabara: kantonye, mmoja wa wale wanaolipwa kutengeneza njia, mwenye koti la kaki lililochakaa. Barabara pale imenyooka, niamini, na muda mfupi kabla ya hapo haikuwa na mtu.

"Kaka, gari inaumwa?" akauliza.

"Hapana, Papa," nikamjibu kwa heshima ya mkubwa. "Ni kitu kidogo tu. Mimi nilisomea Bukavu."

"Ni vizuri," akasema, akaendelea kuchimba.

Nikarudi kwenye mkanda, mara ya nne.

"Ile mukanda uliishaigusa," akasema bila kuinua kichwa. "Iko muzima."

Nikaketi kwenye matope. Nilichoka kuliko siku yoyote ya kuchuma kahawa. "Sijui, Papa," nikasema. "Bukavu sijafika. Gari hii sijui iko na nini."

Hapo ndipo alipolaza jembe chini akaja. Akaweka kiganja wazi juu ya radiateri, wakati mvuke bado unapiga mluzi kwenye kifuniko. Aliyepiga yowe ni mimi. Yeye aliuacha mkono pale kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mvuke ukakatika. Chuma kikanyamaza.

"Hii gari umeivalisha koti ya Masisi," akasema. "Huku kwetu iko joto. Utaivua lini?"

Nikaelewa papo hapo, masikio yakaniwaka kwa aibu. Kule milimani asubuhi ni baridi mpaka injini inakataa, hivyo mashofere hufunga gunia mbele ya radiateri kuzuia upepo, na wakishuka upande wa Walikale hulifungua. Wenzangu walilifunga nje, likaning'inia vibaya. Ubaya ule mimi sikuuvumilia. Wiki tatu nyuma nilikata gunia langu kwa kipimo, nikalishona pindo, nikalipaka masizi lisionekane, nikalichomeka ndani, nyuma ya vyuma vya mbele. Kazi safi. Safi mpaka nikalisahau mwenyewe, na kitabu changu hakikutaja gunia popote.

Nikapiga magoti, nikaingiza vidole, nikalivuta. Niliposimama kushukuru, hakukuwa na mtu. Mfereji aliokuwa akiuchimba ulikuwa umejaa majani yaliyooza, haujaguswa na jembe kwa miaka. Kwenye matope kulikuwa na alama za miguu yangu tu.

Papa Bahati akapanda na maji. "Ulikuwa unasema na nani?"

"Na kantonye."

"Kantonye gani? Sikuona muntu." Akatazama gunia mkononi mwangu, akatazama jipu, akacheka mpaka akaketi. "Kumbe Bukavu wanafundisha kushona."

Injini ikaenda bila homa. Kashebere tulinunua ndizi, nikamuuliza mama muuzaji juu ya yule kantonye. Hakushangaa.

"Ni yule aliyekufa wakati barabara inafunguliwa," akasema. "Lori ilichemka. Shofere hakutaka kusema hajui, akamutuma afungue kifuniko ingali moto. Yeye hana ubaya, mutoto wangu. Anasaidia. Lakini anangoja kwanza useme kama hujui."

"Na wale wasiosema?"

Alinionyesha bonde kwa kidevu. "Gari zao ziko mule."

Tulifika Walikale kabla ya giza, nami nikamwambia mzungu ukweli wote wa Bukavu. Alijibu kwamba alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu hajaona fundi anayenawa mikono kabla ya kufungua injini. Akaniachia usukani.

Na ule mkono? Juu ya radiateri pana mahali, ukubwa wa kiganja, ambapo hapapati moto tena. Tukipanda mlima na maji yakatokota, pale ni baridi kama jiwe la mtoni. Papa Bahati huwekapo chupa yake ya kasiksi, na mpaka leo hajanishukuru.

Nawe ukipita njia ile, gari ikachemka ukasikia jembe, nakuomba, usimwambie unajua.

Gunia lile bado ninalo. Sasa ninalifunga nje, mbele kabisa, linaning'inia vibaya na kila mtu analiona.