Kitambaa Juu ya Laptop

Mama mkwe wangu hakai tena na sisi Chanika. Nilimfukuza mimi, kwa mdomo wangu, kwa sababu ya laptop. Watu wakiniuliza nawaambiaga alikumbuka kwao Newala, akataka kuwahi korosho. Ni uongo. Ilikuwa mwezi wa pili, msimu wa korosho ulishapita, na mtu anayeijua kusini akinisikiliza anatazama chini tu.

Laptop ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alikuwa fundi samani Keko, pale barabarani ambapo vitanda na makabati vinashinda juani. Aliinunua ikiwa imeshatumika, nyeusi, nzito, betri imekufa, ukichomoa waya tu inazima. Alikuwa anawaonyesha wateja picha za makochi. Huyu anataka mgongo wa duara, yule anataka kama la kwenye tamthilia, na yeye anawafungulia mashine katikati ya randa na misumeno, anapuliza vumbi kwenye kioo, anasema, "Chagua, dada, usione haya."

Alipojua kifua hakitapona, alianza kujirekodi. Anakaa mbele ya ile laptop, anaongea na binti yetu ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Hakuwa mtu wa mawaidha. Anamweleza namna ya kuitambua mbao ya mninga kwa harufu. Anamwambia asiogope kuku, kuku ndiye anayemwogopa yeye. Kuna moja anaimba, vibaya sana, mpaka anaacha mwenyewe na kucheka. Video hizo hazikuwa kwenye simu wala popote pengine. Mume wangu mzima, sauti na meno yake, alikuwa mle ndani tu.

Mama yake alikuja kwa mazishi, akabaki. Sikumwomba abaki na wala hakuniuliza. Asubuhi moja nilimkuta anafagia uwanja, nikajua anakaa. Ndiye aliyemlea mtoto wangu mimi nikihangaika. Na kila siku akishasali alasiri alikuwa anatandika mkeka, anampakata mjukuu wake, ananiambia, "Haya, nifungulie mwanangu."

Nafungua. Anaangalia video moja, mbili, akishiba anasema basi. Na alikuwa anamjibu! Mume wangu akianza kucheka na kukohoa kwenye kioo, mama yake anamkemea: "Acha ujinga wewe. Kohoa kwanza, ndiyo ucheke." Mtoto anacheka, na mimi nacheka, hata kama sikutaka.

Sasa niseme kuhusu joto, maana wasiokaa huku hawajui. Nyumba yetu mume wangu aliiacha imeezekwa bati, dari haijapigwa. Kuanzia saa nne asubuhi bati linapika, na sie tuko ndani ya sufuria. Mtu unaweza kutoka, ukakaa ubavuni mwa nyumba kwenye kivuli. Mashine inatoka vipi, na waya wake ni mfupi? Kila mwenye laptop mtaani kwetu ana mbinu zake. Mwalimu jirani anaiweka chini kwenye vigae, analala kifudifudi kama mtoto, anatunga mitihani. Baba mmoja wa nyumba ya pili hafungui kabisa mchana, anangoja jua lishuke. Dada wa steshenari, aliyekuwa ananipa kazi za kuchapa barua na CV za watu, ameiinua yake juu ya vizibo vinne vya soda, na feni ya mezani ameielekeza kwenye mashine, mwenyewe anachuruzika. Nilimuuliza siku moja mbona asijipepee na yeye. "Mie nikitoka jasho najifuta," akasema. "Hii ataifuta nani?"

Mimi niliiweka kitandani. Soketi ya chumbani iko moja tu, kichwani mwa kitanda, na nilikuwa nimechoka. Nakaa chini, mashine iko juu ya godoro, juu ya khanga, nachapa. Feni yake ya ndani inalia kama cherehani, nami naizoea kama unavyozoea jirani mgomvi. Ikiwa ya moto sana naigeuza upande. Ndipo akili yangu yote ilipoishia.

Na si kwamba sikuambiwa. Mume wangu alinitengenezea kibao cha mninga, fito tano zenye nafasi katikati, amezipiga msasa mpaka zinateleza. "Hii mashine inavuta pumzi kwa tumboni," alisema. "Ukiilaza kwenye godoro umeiziba pua." Nilimjibu sawa fundi. Alipofariki sikuweza kukitazama kile kibao, nikakisukuma uvunguni. Baadaye nikahitaji kitu cha kuinulia ndoo ya maji jikoni, sakafu ilikuwa inalowa. Nikakitoa uvunguni, nikakiweka chini ya ndoo. Ndiyo. Chini ya ndoo.

Mama mkwe yeye alikuwa anafuma. Kila kitu kwetu kilivaa: televisheni, redio, jagi la maji, migongo ya makochi, hata feni ikizimwa ilivalishwa. Akafuma na cha laptop, cheupe, pembeni maua ya waridi. Nilimwambia, mama, hii haina haja. Akanitazama kama nimetukana. "Watu wanaingia hapa wanatoka. Mwanangu akae uchi?"

Siku yenyewe ilikuwa mchana, umeme upo. Mashine ilikuwa imeanza kuzima yenyewe, dakika ishirini inazima, unangoja ipoe, unaiwasha. Nikaogopa. Nikaazima flashi kwa dada wa steshenari, nikaanza kuzihamisha zile video zote kwa mkupuo. Nikaiacha kitandani inafanya kazi, nikaenda kupeleka barua nilizochapa. Nikakuta foleni, nikapiga soga, nikakaa karibu saa mbili. Hilo pia niliseme.

Niliporudi harufu ilinipokea mlangoni. Plastiki ya moto. Laptop ilikuwa juu ya godoro, imefungwa kifuniko, imevishwa kile kitambaa vizuri kabisa, maua yameangalia mlango. Nilipoigusa chini niliondoa mkono. Nikabonyeza, kimya. Nikachomoa nikachomeka, kimya. Nikakimbia na flashi steshenari. Ikafunguka, ndani hakuna hata video moja inayocheza.

Nikarudi. Mama mkwe alikuwa uani anamnawisha mtoto.

"Nani kafunika ile mashine?"

"Mie. Huyu alikuwa anazunguka kitandani na kikombe cha uji. Nikaona atammwagia baba yake."

"Nani kakwambia uguse?"

"Mwanangu, nilikuwa nazuia tu uji—"

"Umemuua mara ya pili."

Nilisema hivyo. Sikuteleza ulimi. Nililitafuta neno litakalouma nikalipata, nikalisema kwa sauti, mbele ya mtoto, mpaka mwalimu jirani akazima redio yake. Nikaendelea na mengine: kwamba vitambaa vyake vinanuka ushamba, kwamba angalau ningebaki na kitu kimoja ambacho hajakivalisha. Yeye hakulia. Aliingia ndani, akakitoa kile kitambaa juu ya laptop, akakikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama andazi.

"Sikujua kama anasikia joto," akasema.

Siku ya tatu aliondoka. Alfajiri aliniita akaniambia uji uko kwenye chupa. Sikumsindikiza. Nilijifanya nafua. Nilimsikia anavyoburuta begi lake kwenye mchanga mpaka sauti ikaisha, na mimi nasugua shati moja tu muda wote huo. Kile kitambaa alikiacha kwenye mto wa mtoto.

Nikakichukua. Nilipokwenda Temeke kwa fundi wa laptop niliifunga mashine ndani ya kitambaa hichohicho, makusudi, kama ushahidi. Nilitaka mtu mwingine anithibitishie. Fundi alikuwa baba mnene, miwani kwenye paji la uso, amezungukwa na laptop zilizofunuliwa matumbo. Nikamweleza yote, na hasira bado ninayo, nikamwonyesha kitambaa.

Akakiinua kwenye mwanga. Niliuona uso wake wote kupitia yale matundu.

"Hiki?"

"Hicho."

"Sista, chandarua kinaziba kuliko hiki. Hiki kinapitisha upepo. Uliiweka wapi?"

"Kitandani."

"Kitandani tunalaza watoto," akasema, na mteja aliyekaa pembeni akacheka. "Hii inavuta upepo kwa chini. Godoro linaiziba, inajipika yenyewe. Si ya siku moja hiyo, ni kila siku. Ngoja tuone."

Akafungua skrubu, akainua mfuniko wa chini. Akashusha miwani machoni. Kule kwenye feni kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, chekundu kinachoelekea kahawia, kimeshikana.

"Huyu mwenye mashine alikuwa anapasulia mbao juu yake?"

"Alikuwa fundi samani. Keko."

"Basi ndiyo hivyo. Vumbi la mbao, na juu yake godoro. Ilianza kufa zamani, siku ile imefika tu. Wala msilaumiane nyumbani."

Harufu ilinijia pale pale. Mninga. Ilikuwa inatoka kwenye mashine kama inavyotoka kwenye shati la mtu anapokuvulia mlangoni jioni. Nikasema, "Subiri kidogo, baba," lakini alishawasha kile kipulizio chake. Vumbi likaruka juu ya meza, likatoka nje barabarani, mara moja, likaisha. Akapangusa, akapaka dawa ya kupoozea, akarudisha skrubu, akachomeka. Ikawaka. Video zote zilikuwepo. Akabonyeza moja kuhakikisha, na mume wangu akasema kwa sauti katikati ya kibanda cha watu, "Kuku ndiye anayekuogopa wewe."

Yule mteja aliyecheka mwanzo alitazama pembeni.

Ningempigia mama mkwe palepale, ningekuwa mtu. Sikumpigia. Nilikaa siku tisa. Kila siku nilikuwa na sababu: vocha, mtandao, mtoto ana homa. Kumbe nilikuwa nasubiri hasira inirudie ili nisiombe msamaha, na haikurudi. Niliyonayo mpaka leo ni nyingine, na yenyewe inanikasirikia mimi.

Siku ya kumi nikapiga. Akapokea, nyuma yake kuku wanalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Mama, laptop imepona. Fundi kasema kitambaa hakikufanya kitu. Kina matundu. Ni godoro, mama. Ni mimi niliyekuwa naiweka kwenye godoro. Na vumbi lake mwenyewe."

Nikamsikia anawafukuza kuku.

"Kwa hiyo yupo?"

"Yupo. Yote yapo, hata wimbo. Rudi umuone. Au nakutumia kwenye simu ya jirani yako, leo hii."

"Usitume."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa nikimwangalia nasikia anavyocheka. Sasa nikimkumbuka tu, nakusikia wewe." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza mahali panapouma kwa daktari. "Nimekusamehe, usilie. Niliposhuka tu kwenye basi nilishakusamehe. Lakini kumwangalia, hapana, mwanangu. Mlee mtoto. Na hicho kitambaa mfunikie maji yake ya kunywa, nzi wasiingie."

Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Anaongea na mtoto, anamuuliza amekula nini. Nikitaja video anasema mboga inaungua. Nauli nimeshamwambia nitatuma. Anasema ahsante, na haji.

Kibao nimekitoa chini ya ndoo. Nilikisugua, nikakianika, lakini maji yalishakiharibu, fito mbili zimepinda. Laptop ikikaa juu yake inayumba, kwa hiyo nimeweka kizibo cha soda kwenye kona moja. Soketi nimemwita fundi akaisogeza, mashine inakaa mezani siku hizi, dirisha wazi, na feni yake hailii tena. Nikipitisha mkono chini, ni vuguvugu tu. Yote hayo yaliwezekana tangu mwanzo. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Alasiri mtoto anatandika mkeka mwenyewe. Ana miaka minne, anaujua mkeka ulipo. Anakaa upande mmoja, upande wa bibi yake anauacha. Ananiambia nimfungulie. Juzi nikamfungulia ile ya wimbo. Baba yake akaimba, akakosea, akaanza kucheka na kukohoa, kama siku zote.

"Acha ujinga wewe," mtoto akamwambia, na ile lafudhi ya Newala yote. "Kohoa kwanza."

Halafu akanigeukia aone kama amepatia. Nikamwambia amepatia, nikatoka nje kuanua nguo, na zilikuwa bado mbichi.