Ruhusa ya Kusoma Kitabu cha Baba

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema hivyo. Duka langu la steshenari liko Ilomba, hapa Mbeya, na miaka kumi na saba ya kukaa nyuma ya mashine ya kopi imenifundisha kwamba mtu anayesema "nitarudi sasa hivi" harudi. Cheti cha mteja nikikigeuza mara mbili kwenye mwanga, mwenyewe huanza kujieleza kabla sijamwuliza. Mume wangu hunitania kwamba hata malaika akinishukia na barua, nitamwomba kwanza nione mhuri. Namjibu kwamba ndiyo, nitauomba.

Kwa hiyo siku nilipokiona kitabu cha marehemu baba kwenye kompyuta ya dukani, sikufurahi kwanza. Nilijiuliza nani amekiiba.

Binti mmoja wa chuo alikuwa amekuja kuchapa kurasa kutoka maktaba ya mtandaoni, moja ya zile za ng'ambo zilizopiga picha vitabu vyao na kuviweka humo. Alipoondoka aliacha ukurasa wa maktaba wazi. Nikaandika jina la baba, kujaribu tu. Kikaja. Hadithi za Kihehe alizoziandika kwa Kiswahili alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tosamaganga, zikachapwa na kiwanda kidogo cha kanisa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nyumbani tulikuwa na nakala moja. Aliiazima mgeni aliyesema anafanya utafiti, na nadhani mpaka leo anaufanya.

Nikampigia mama palepale. Anakaa kwenye nyumba ileile, Tosamaganga. Macho yake yamekufa kwa presha ya macho, lakini masikio yako salama kuliko yangu.

"Mama, nimekiona kitabu cha baba."

"Kina yale maneno ya mbele?"

"Maneno gani?"

"Yanayotangulia hadithi. Nataka nisomewe hayo kabla sijafa."

"Na hadithi zenyewe?"

"Hadithi nazijua."

Niliona ni ajabu. Mama yangu hakuwa msimuliaji. Tulipokuwa wadogo, jioni baba ndiye aliyesimulia, mama akiosha vyombo. Na hakuwahi kukisoma kitabu kile, kwa sababu hakupelekwa shule. Alikuja kujua kusoma kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na wakati huo mgeni wetu alikwishaondoka nacho. Baba alikuwa akimsomea zamani, ila kila mara alianzia hadithi ya kwanza. Nikamwahidi kwamba nitamsomea anachotaka wiki hiyohiyo.

Nilirudi kwenye kompyuta nikabonyeza jalada. Halikufunguka. Pakatokea maandishi kwamba kitabu hiki kinaruhusiwa kutafutwa maneno tu, kurasa zake hazionyeshwi kwa sababu ya hakimiliki. Nikatafuta neno sungura. Wakaniambia sungura yupo ukurasa wa tisa, wa kumi na nne, wa thelathini na moja. Nikatafuta fisi, naye yupo. Kila nilichouliza kilikuwepo, na sikuonyeshwa hata mstari mmoja. Ni kama muuza duka anayekuhakikishia kuwa sukari ipo stoo, tena nyingi, halafu anabaki amekaa.

Hasira zilinipanda. Wamekichukua kwetu, nikasema, halafu wanatufungia sisi. Niliwaandikia barua pepe ambayo mume wangu aliniomba nilale kwanza kabla ya kuituma. Sikulala.

Jibu lilikuja kwa upole, na upole wa mtu nisiyemjua ndio unaonitia wasiwasi kuliko matusi. Mwandishi wa barua alieleza kwamba nakala yao waliinunua kihalali zamani, lakini kumiliki nakala si kumiliki haki ya kuwaonyesha watu wote. Sheria ya nchi yetu, akasema, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kufa kwake. Baba ana miaka kumi na miwili kaburini. Nikapiga hesabu: kitabu kingefunguka mimi nikiwa na miaka themanini na nane, na mama mia na kumi. Tumekifunga kwa ajili ya kuwalinda ninyi warithi, akaandika. Kama mnataka kifunguliwe, jazeni fomu hii.

Anatulinda. Nilisoma neno hilo mara tatu nikitafuta mtego. Wakati huohuo mteja alinisukumia kitabu cha baiolojia. "Mama, nitolee kopi chote, na jalada." Nikamtolea chote, na jalada. Mtunzi wa baiolojia hakunijia akilini hata kidogo. Mganga hajigangi.

Fomu yenyewe haikuwa ngumu. Ilimtaka mwenye haki achague: watu wasome tu, au wasome na kunakili kwa kumtaja mtunzi, au wafanye watakavyo. Haki inabaki kwa mwenyewe, anachotoa ni ruhusa. Ila chini kulikuwa na sentensi kwamba ruhusa ikishatolewa haitaondolewa tena. Na mwenye haki ni nani? Baba aliacha watoto, na nyuma ya watoto kuna ukoo. Kwetu kitu cha marehemu hakimgusi mtu mmoja. Nikafunga duka, nikapanda basi la Iringa.

Tulikaa kikao Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa mama. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu. Mdogo wangu wa kiume alitoka Igowole anakolima chai na miti, na wazee wawili wa ukoo walikaa karibu na mlango. Mama alikuwa jikoni na wanawake wengine wakipika, kama ilivyo desturi siku ya kikao. Mimi nilikaribishwa kama mleta hoja, nikakumbushwa mara mbili kwamba nimeolewa.

Niliwasomea fomu kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye ruhusa isiyoondolewa, mdogo wangu aliweka kikombe chini.

"Rudia hapo, dada."

Nikarudia.

"Basi, tumeisha," akasema. "Kule kwetu kuna watu waliweka dole gumba, wakaambiwa ni kuazimisha shamba tu. Leo wanaenda kuomba kuni kwenye miti ya mwenzao, iliyopandwa kwenye shamba hilohilo."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sikumlaumu kwa hilo. Nikamweleza kwamba kitabu si shamba: mtu akikisoma huko Ulaya hakipungui hapa. Akaniangalia kwa namna ambayo naijua vizuri, kwa sababu ndivyo mimi ninavyoangalia vyeti.

"Wewe una mashine ya kopi. Sisi tutajuaje hujaanza kukiuza zamani? Mzungu gani anahangaika hivi bila faida?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema baba mdogo, akiangalia dirishani ili kila mtu ajue ananisema mimi.

Nilipandisha sauti. Nilisema nimeacha duka, nimelipa nauli, kwa sababu ya mama tu, na kwamba kama kuna anayetaka kukiuza kitabu, basi ni yule anayepinga kifunguliwe bure. Nilimtazama mdogo wangu nikisema hayo. Naye kweli niliwahi kumsikia akitaja mchapishaji mmoja wa mjini. Tulifika mahali pabaya. Mzee mmoja aliomba tusali.

Mama aliingia na sinia la chai, akipapasa ukuta kwa kiwiko. "Mimi nimeomba kusomewa. Mnabishania nini?"

"Shemeji, mambo ya hakimiliki ni mazito," alisema baba mdogo. "Haya ni mali ya urithi."

"Basi yabebeni haraka, chai inapoa." Akarudi jikoni.

Tulimaliza alasiri. Walikubali watu wasome tu, asinakili mtu wala asiuze. Mdogo wangu alidai muhtasari uandikwe kwamba kitabu hakina uhusiano wowote na shamba la ukoo wala mipaka yake. Tukaandika. Kurasa sita, sahihi, dole gumba, na mhuri wa zambarau wa mwenyekiti wa kijiji, maana bila mhuri hata sisi wenyewe tusingejiamini. Nikapiga picha zote nikazituma. Maktaba walishukuru, wakasema kwa adabu kwamba walihitaji sahihi moja tu.

Baada ya wiki mbili kitabu kilikuwa wazi. Nilikipakua dukani, maana mtandao wa kwa mama hauaminiki, na sikukisoma. Nilitaka tukifungue pamoja. Nakiri pia kwamba nilihesabu kurasa kuona kama kuna walizozichomoa.

Ilikuwa Julai, baridi ya Iringa ikiuma hata juani. Tulikaa barazani asubuhi, mama na shuka lake mabegani, mimi na kompyuta mapajani. Nikapita jalada, nikapita mhuri wa maktaba, nikafika kwenye Neno la Mbele. Ilikuwa nusu ukurasa. Macho yangu yalitangulia sauti, yakalitafuta jina la mama, kwani nilidhani ndilo analolingoja; halikuwepo, nikasimama.

"Mbona umesimama?"

"Mtandao, mama."

"Ulisema umeshakipakua."

Ningeweza kuongeza jina lake pale. Mtu asiyeona angejuaje?

"Soma kilichoandikwa," akasema. "Usinionee huruma."

Nikasoma. Baba alimshukuru Mungu, akawashukuru mapadri na wachapaji. Kisha: hadithi hizi nilisimuliwa na mama mmoja mzee wa huku kwetu, ambaye sasa ni marehemu.

Kuku walipita, mama akawafukuza kwa mguu bila kuwaona.

"Alikufa lini?"

"Nani, mama?"

"Huyo mama mzee."

"Hajaandika."

"Alikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema. "Alikuwa na mimba yako. Anasonga ugali anasimulia, mwalimu yuko mezani anaandika. Anamwambia, nenda polepole, rudia pale. Nikimwuliza, utaniandika na mimi? Anasema, nitakuandika. Kitabu kikaja. Kila siku nikimwambia nisomee mwanzo, anaanza na sungura. Nikashuku. Nikaacha kusimulia."

Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimkasirikia baba, mtu niliyemlilia miaka kumi na miwili. Labda aliona aibu, mwalimu mzima kufundishwa na mke asiyejua kusoma. Labda walimwambia maneno ya bibi aliyekufa yana uzito zaidi. Simjui. Na mimi je? Kwenye fomu ile kulikuwa na swali moja nililoliruka hata kikaoni: kuna mtu mwingine aliyechangia kazi hii, mfasiri, mchoraji au msimulizi, ambaye yuko hai? Niliandika hakuna. Nilishuku maktaba, nikamshuku ndugu yangu wa tumbo moja, na sikumwuliza mtu aliyekuwa jikoni akitupikia. Tulikaa kikao cha urithi wa mtu ambaye alituletea chai.

"Mama, nisamehe."

"Wewe ulikuwa tumboni."

"Nitawaandikia. Watu wa maktaba wanaweza kuongeza jina lako kwenye kumbukumbu za kitabu. Watataka ushahidi lakini."

"Ushahidi upi? Aliyekuwepo kafa." Akajifunga shuka vizuri. "Haya. Nisomee hiyo hadithi ya kwanza."

Nikasoma. Sungura alikwenda kuomba moto kwa fisi, fisi akamwambia angoje nje. Sikufika sentensi ya tano.

"Hapo kakosea," mama akasema. "Fisi hakumwambia angoje. Fisi alikuwa na njaa, atamwambiaje angoje? Nilimwona anaandika vibaya, nikaona aibu kumsahihisha mwalimu."

Siku ile hakuona aibu. Alimsahihisha mpaka jua likahama barazani.