Kazi ya Huseni ni kuanguka

Jua halijapanda vizuri juu ya Bujumbura, na Huseni Chabani yuko chini tayari. Anajirusha mwenyewe juu ya mkeka, anaupiga kwa kiganja, anainuka, anarudia. Ukumbi ni mtupu. Kishindo chake kinasikika hadi barabarani.

Huseni, mkazi wa Buyenzi mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ni mfagizi wa klabu hii ya judo. Ndiye anayetandika mikeka, na ndiye anayerushwa wanafunzi wanapojifunza. Wajapani wana jina la mtu huyo: uke. Anayemrusha huitwa tori.

Jina hilo limemtia taabuni. Mtaani kwake Kiswahili ndicho cha nyumbani, na neno uke halihitaji mkalimani.

"Nilimuambia bibi yangu Mwanvua, 'Wazungu wa klabu wamenipa kazi ya uke.' Alicheka mpaka bugali ikaungua," anasimulia juu ya mkewe. "Sasa hata mafundi wa garaji wananiita Mama Huseni."

Naye hucheka. Ila tangu mwaka jana, 1972, anacheka kwa mdomo tu.

Tori wake alikuwa Sylvère, karani kijana wa Ngagara. Kwa miaka minne walifanya pamoja kata, yaani mitupo inayofuatana kwa mpangilio wake, ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake. Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa mkanda mweusi. Katika siku zile mbaya za mwezi wa tano, watu wengi walipokuwa wakikamatwa na kuuawa, askari walimchukua Sylvère kutoka kazini. Hajarudi.

"Kulia mbele ya watu tuliogopa," anasema Huseni, sauti ikishuka. "Mi nilikuwa nakuja kulilia hapa, nikishafunga mulango."

Dada wa marehemu, Léocadie, ni muuguzi. Kila Jumamosi huja kukaa kando ya ukuta, na ombi lake ni lile lile: "Papa Huseni, ile kata naijua yote, kaka alikuwa anaifanya na mimi nyumbani. Acha nikamate nafasi yake."

Huseni amekuwa akikataa.

"Mutu muzima, jina yangu Uke, halafu mwanamuke ananirusha? Buyenzi nitahama!"

Anatabasamu, kisha anashika mkono wa koti lake la judo, pale kitambaa kilipochakaa.

"Hapa ndipo Sylvère alikuwa anashika. Tori muzuri akikurusha hakuachilii. Anavuta mukono kidogo, kichwa isigonge chini. Ule kijana hakuniachilia hata siku moja. Na yeye, siku ile, nani alimushika?"

Aliinuka, akaanza kunyoosha mikeka, na mwandishi wa habari hii akamsaidia.

Baadaye Huseni alisema ameshaamua. Jumamosi hii atamwambia Léocadie avue viatu aingie. Mtihani watajaribu kuufanya pamoja, klabu ikikubali. Buyenzi wakitaka kucheka, wacheke.

"Ule mutoto Léocadie hana hata kaburi ya kaka yake ya kwenda kulilia," anasema. "Acha anirushe mpaka achoke."